Ukitaka Kuona Viumbe wa Baharini, Chagua Siku Kabla ya Chombo

Kila likizo inapokaribia swali ni lile lile, liwe limetoka Tarime mjini, Sirari, Nyamongo au Mugumu: wapi mtu atapanda nyambizi ya watalii aone samaki, kasa na matumbawe bila kulowa? Wanaouliza wana sababu zao. Wengi hawajui kuogelea, wengine wanataka kwenda na wazazi au watoto wadogo, na karibu wote wameona kwenye simu video ya watu waliokaa mbele ya dirisha la duara huku samaki wakipita. Lakini swali hilo linaanzia mwisho. Utakachokiona huamuliwa kwanza na majira, pili na hali ya maji ya siku hiyo, tatu na mahali. Chombo ni jambo la nne. Aliyepanda boti ya kawaida yenye kioo chini katika siku nzuri huona mengi kuliko aliyelipia nyambizi katika siku mbaya, tena kwa gharama ndogo na mashaka machache.

Hoja hii isiwe ngeni kwa mkazi wa Mara. Hakuna mtu wa Mugumu anayemshauri mgeni aje Februari kutazama nyumbu wakivuka Mto Mara, hata mgeni huyo awe na gari la thamani gani, kwa sababu mwezi huo nyumbu wako kusini, upande wa Ndutu, wakizaa. Bahari nayo ina kalenda yake, na ushauri unaofuata umepangwa kwa kuifuata.

Jua kwanza unachouziwa

Matangazo huita nyambizi karibu kila chombo chenye dirisha chini ya maji. Vyombo vyenyewe ni vya aina tatu, na tofauti zake ni kubwa kwa mfuko wako na kwa usalama wako.

- Boti ya kioo. Ni boti ya kawaida iliyowekewa kioo sakafuni. Abiria huketi pembeni na kuinamia kioo. Ndiyo iliyozoeleka katika pwani yetu, kuanzia Malindi na Mombasa hadi Unguja.
- Boti yenye chumba chini. Sehemu yake ya juu huelea kama boti nyingine, ila tumboni ina chumba chenye madirisha ya pembeni. Unakuwa chini ya usawa wa maji kwa mita moja au mbili hivi, lakini chombo chenyewe hakizami. Hii ndiyo inayouzwa mara nyingi kwa jina la nyambizi.
- Nyambizi halisi. Hufungwa mlango, huzama na kuibuka. Kuna zinazopeleka watalii huko Trou-aux-Biches, Morisi, ambako huteremka hadi mita 35.

Swali la kumuuliza muuzaji ni moja tu: chombo hiki kinazama chote, au sehemu yake ya juu inabaki hewani? Akijibu kwa kuzungukazunguka, elewa kwamba ni aina ya pili. Hakuna ubaya kuipanda. Ubaya ni kulipa bei ya aina ya tatu ukapewa ya pili.

Kina kirefu hakikuongezei cha kuona

Pingamizi la kwanza huwa kwamba nyambizi hufika chini zaidi, kwa hiyo lazima ionyeshe zaidi. Ushahidi unasema vingine. Matumbawe yanayojenga miamba yanategemea mwanga wa jua, maana ndani yake huishi mimea midogo mno inayoyalisha kwa kutumia mwanga huo. Ndiyo maana utajiri mkubwa wa mwamba uko kwenye maji mafupi. Hapo ndipo utamkuta pono akitafuna mwamba, kitatange wakitembea wawili wawili, mkunga akichungulia kutoka tunduni na taa akiwa amejilaza mchangani. Rangi nazo hazistahimili kina. Nyekundu huanza kufifia ndani ya mita chache za mwanzo, na kufikia mita 10 sehemu kubwa yake imekwisha. Machungwa na njano hufuata, na chini zaidi kila kitu huwa cha buluu na kijivu. Video zenye rangi kali zilizopigwa kwenye kina kirefu zimesaidiwa na taa au zimerekebishwa baadaye, na jicho lako dirishani halina msaada huo.

Hoteli moja ya kaskazini mwa Pemba ina chumba kinachoelea baharini, kilichofunguliwa mwaka 2013, ambacho kitanda chake kiko kama mita 4 tu chini ya maji. Wageni hulipa fedha nyingi kulala humo, na wanachokiona kutoka kitandani ni samaki wa maji mafupi. Mahali nyambizi inapohitajika kweli ni kwingine kabisa. Mwaka 1987 mtafiti Mjerumani Hans Fricke alitumia nyambizi ndogo iliyoitwa GEO kumpiga picha silikanti akiwa hai nyumbani kwake, kando ya Ngazija, kwenye kina cha zaidi ya mita 100. Samaki huyo wa kale yuko pia katika maji ya Tanga, na hifadhi ya bahari iliyotangazwa huko mwaka 2009 inabeba jina lake. Lakini safari ya kumfuata silikanti ni kazi ya utafiti. Mtalii wa saa moja hatamfikia.

Hatua ya kwanza: chagua mwezi

Wimbi kubwa hutibua mchanga, na mvua hushusha tope la mito baharini. Maji yakichafuka, kioo hakikusaidii. Upangaji wa miezi ni huu:

- Novemba hadi Machi. Ni wakati wa kaskazi. Kwa kawaida maji huwa ya uvuguvugu na maangavu zaidi, ingawa Januari upepo unaweza kuwa mkali. Huu pia ndio msimu wa papa potwe kando ya Kilindoni, Mafia, kuanzia Oktoba hadi Februari au Machi.
- Aprili na Mei. Masika. Maji hutibuka na safari nyingi huahirishwa. Epuka.
- Juni hadi Agosti. Kusi hupiga kwa nguvu. Kuanzia Julai nyangumi hupita, lakini hao hutazamwa wakiwa juu ya maji.
- Septemba na Oktoba. Kusi hupungua, na kila wiki inayopita hali huwa nafuu.

Wafanyakazi wa hoteli na waongoza watalii wa Serengeti wanapaswa kuwa macho hapa. Likizo zao huangukia Aprili na Mei, wageni wanapopungua, na hiyo ndiyo miezi mibaya kuliko yote baharini. Mwenye uwezo wa kuomba likizo aiombe Novemba, wakati msimu wa nyumbu kuvuka umekwisha na pwani iko katika tanga mbili, pepo zikibadilishana zamu. Mvua za vuli zipo, lakini mara nyingi hunyesha na kupita. Mzazi anayefungwa na likizo ya shule achague Desemba badala ya Juni. Ikibidi Juni, basi aende upande wa magharibi wa Unguja, ambako kisiwa chenyewe huukinga upepo wa kusi unaotoka kusini-mashariki.

Hatua ya pili: chagua siku na saa

Hili ndilo linalowapita watu wa bara, na sababu yake inaeleweka. Ziwa Victoria halina kupwa na kujaa kunakoonekana kwa macho, kwa hiyo aliyekulia Musoma au Shirati hajazoea kupanga siku yake kwa kufuata maji. Pwani hali ni tofauti. Unguja, maji makubwa ya bamvua, yanayokuja karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yanaweza kupanda na kushuka kwa kiasi cha mita 4 ndani ya saa sita hivi. Mwamba ule ule unaweza kuwa mita 2 chini ya kioo chako saa fulani, na mita 6 saa nyingine. Kwa boti ya kioo, tofauti hiyo ndiyo inayotenganisha kuona magamba ya samaki na kuona vivuli vinavyopita.

Siku za bamvua zenyewe zina kasoro mbili: maji hukimbia kwa nguvu na kubeba mchanga, na yakipwa sana boti haiwezi kupita juu ya mwamba. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, bahari hutulia, lakini kwenye pwani yetu maji huwa yamejaa katikati ya asubuhi na hupwa jioni, jua likiwa limelala. Panapofaa zaidi ni katikati ya hayo mawili, yaani siku ya tatu hadi ya tano baada ya mwandamo au mwezi mpevu. Hapo maji hupwa takriban kati ya saa sita na saa nane mchana, jua likiwa juu, na mkondo umeanza kulegea. Kila siku inayofuata saa hiyo husogea mbele kwa kama dakika 50. Huna haja ya kukokotoa. Tazama mwezi unapopanga safari, kisha mpigie nahodha umuulize: “Siku hiyo maji yanapwa saa ngapi, na mnatoka saa ngapi?” Nahodha anayejua kazi yake hujibu papo hapo. Anayesema saa yoyote ni sawa anauza tiketi tu.

Hatua ya tatu: chagua mahali

- Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, Kenya. Zilianzishwa mwaka 1968, miongoni mwa za mwanzo kabisa Afrika. Boti za kioo ni jambo la kila siku huko, na kwa anayeanzia Tarime zinafikika kwa njia ya Nairobi.
- Hifadhi ya bahari ya Mombasa. Iko karibu na fukwe za Nyali na Bamburi, kwa hiyo inafaa familia yenye siku chache.
- Kisite-Mpunguti, kusini mwa Kenya. Safari huanzia Shimoni. Pomboo huonekana mara kwa mara.
- Unguja. Upande wa magharibi kuna Changuu na Chumbe. Mwamba wa Chumbe ni hifadhi tangu mwaka 1994, lakini hapo mambo yote ni kuogelea kwa miwani na mrija, na idadi ya wageni inabanwa.
- Mbudya na Bongoyo, Dar es Salaam. Ni hifadhi tengefu zilizo karibu na jiji, zinazomfaa mwenye siku moja tu ya ziada.
- Mafia. Hifadhi ya bahari tangu mwaka 1995. Ina matumbawe mazuri, ila kufika kwake kunataka muda na subira.

Palipo na hifadhi samaki huwa wengi na wakubwa zaidi, kwa sababu uvuvi umezuiwa au umewekewa mipaka. Usitarajie, hata hivyo, kwamba kila mwamba utakuwa kama picha za zamani. Joto la bahari la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi katika ukanda wetu, na vipindi vya joto vilivyofuata vimeongeza majeraha. Muulize nahodha akupeleke kwenye mwamba ulio hai, hata kama ni mbali kidogo.

“Kwa nini nisiende Ziwa Victoria, ambalo liko karibu?”

Pingamizi hili lina uzito, hasa kwa kuwa nyambizi ya kwanza ya watalii ilifanya kazi ziwani. Mwaka 1964, katika maonyesho ya Lausanne, Uswisi, chombo kilichobuniwa na Jacques Piccard kilianza kuwateremsha watu ndani ya Ziwa Geneva, abiria 40 kwa safari moja. Tatizo la ziwa letu ni uangavu. Karibu na ufuko maji yana ukijani wa mwani na tope la mito, na anayepita Daraja la Kirumi hupata picha ya kile ambacho Mto Mara hubeba. Dirishani usingeona mbali. Tena sangara, aliyepandikizwa ziwani katikati ya karne ya 20, alichangia sana kuwamaliza furu wa aina nyingi ambao ndio wangekuwa mapambo ya safari hiyo. Ziwa lina mengine ya kutazama, yakiwemo ndege, wavuvi na visiwa, lakini hayo hutazamwa juu ya maji.

Hatua ya nne: mpime nahodha na chombo

Tarehe 27 Machi 2025 nyambizi ya watalii ilizama karibu na Hurghada, Misri, na watalii 6 wakafariki. Juni 2023 nyambizi ya Titan ilipasuka ikielekea kwenye mabaki ya Titanic, na wote 5 waliokuwemo wakafa. Chombo hicho hakikuwa kimethibitishwa na taasisi yoyote ya ukaguzi wa meli. Je, mtu aogope vyombo hivi kabisa? Hapana. Nyambizi za watalii zimebeba watu wengi kwa miongo kadhaa, na ajali zake zimekuwa chache. Funzo lililopo ni kwamba jina kubwa na picha nzuri havithibitishi usalama, na kwamba mlango uliofungwa hukuachia njia chache za kujiokoa. Kwa upande wa boti, watu wa Kanda ya Ziwa hawahitaji mfano wa mbali. MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018 ilikuwa imeruhusiwa kubeba watu 101, na waliokufa pekee walizidi 220.

Kabla ya kulipa, uliza na utazame haya:

1. Kibali na cheti cha ukaguzi viko wapi? Tanzania Bara mwenye dhamana ni TASAC, na Zanzibar ni Mamlaka ya Usafiri Baharini.
2. Chombo kimeruhusiwa kubeba watu wangapi? Hesabu walio ndani kabla ya kung’oa nanga.
3. Jaketi okozi zinatosha kila mtu, zikiwemo za watoto? Vaa ya kwako, usiikalie.
4. Kwa chumba cha chini: kuna njia ngapi za kutokea, na ngazi ina upana gani?
5. Kwa nyambizi halisi: imethibitishwa na taasisi gani ya ukaguzi wa meli, na je, kuna boti inayoisindikiza juu?
6. Bahari ikichafuka, fedha zinarudishwa au tarehe inasogezwa?

Soma pia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Ikitolewa tahadhari ya upepo mkali, ahirisha, hata kama muuzaji anasisitiza kwamba yeye hutoka kila siku. Usilipe kwa papasi wa ufukweni kabla ya kukiona chombo chenyewe.

Kwa wenye hofu na wenye udhuru

Kutojua kuogelea hakukuzuii kupanda boti ya kioo, ila kunakulazimu kuvaa jaketi muda wote. Mwenye hofu ya vyumba vilivyofungwa abaki kwenye boti ya kioo, kwa sababu kwenye nyambizi hakuna kushuka katikati ya safari. Mjamzito, mwenye ugonjwa wa moyo au aliyefanyiwa upasuaji karibuni aanze kwa daktari wake. Wanaohofia masikio watulie: hewa ndani ya nyambizi ya watalii hubaki na mgandamizo wa kawaida, kwa hiyo masikio hayaumi, wala hutalazimika kusubiri kabla ya kupanda ndege ya kurudi Mwanza kama anavyosubiri mpiga mbizi wa mitungi. Kichefuchefu ndicho kinachowashinda wengi, hasa kwenye chumba cha chini, ambako macho hutazama pembeni huku mwili ukiyumba. Kunywa dawa uliyoshauriwa kabla ya kuondoka, kwa maana ukisubiri mpaka tumbo lichafuke utakuwa umechelewa. Kula chakula chepesi, usipande na njaa.

Kutoka Mara hadi pwani

Kutoka Tarime njia nyepesi ya kwenda Mombasa ni Sirari, Migori, Kisii, Narok na Nairobi, kisha basi au reli ya kisasa. Beba pasi ya kusafiria au hati ya dharura, na ugonge mhuri pande zote mbili. Kupita kwa njia za panya huonekana kuokoa muda hadi siku unapokaguliwa Mombasa. Anayelenga Unguja anaweza kuruka kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam na kuvuka kwa boti ya abiria, au kwenda kwa basi hadi Dodoma na kumalizia kwa treni ya umeme iliyoanza safari zake mwaka 2024. Wa Mugumu anayepitia Arusha kwa barabara ya hifadhini aulize mapema kuhusu tozo za njiani.

Beba kitambulisho cha Taifa. Hifadhi nyingi zina bei ya raia au ya raia wa Afrika Mashariki, na bila ushahidi utatozwa ya mgeni. Uliza pia kama malipo ni ya mtandao pekee. Bajeti yako iwe na siku mbili za bahari, kwa sababu anayeweka moja hana pa kukimbilia upepo ukibadilika.

Makosa yanayoharibu safari ndani ya chombo

- Kuvaa nguo nyeupe au za kumeremeta. Kioo hurudisha taswira yako. Vaa rangi za giza.
- Kupiga picha kwa mwako wa kamera. Utapata picha ya kioo. Sogeza simu hadi iguse kioo, bila mwako.
- Kushindania dirisha la mbele. Kaa pale nahodha anaposema mwamba utapita.
- Kumshawishi nahodha awamwagie samaki mkate. Samaki hubadili tabia, na chakula hicho hakiwafai.
- Kutaka pomboo wafukuzwe. Nahodha akizima injini na kungoja, wao wenyewe husogea.
- Kununua kombe na matumbawe ufukweni. Unaweza kunyang’anywa, na ni kulipia kuharibiwa kwa kile ulichokuja kukitazama.

Na kama bado unataka nyambizi halisi?

Ni haki yako, na kuna raha ya kuzama ambayo boti ya kioo haiwezi kukupa. Anza lakini na safari ya boti ya kioo katika siku iliyochaguliwa vizuri. Ukiona baada yake kwamba unatamani kina zaidi, utakuwa unajua bahari tulivu inafananaje, na utajua maswali ya kumuuliza mwenye chombo. Ukitosheka, utakuwa umeokoa nauli ya Morisi. Basi anza sasa: fungua kalenda, tafuta mwezi mpevu wa Novemba, hesabu siku tatu hadi tano mbele, kisha ndipo upige simu kuulizia chombo.